Kisa cha Michał Kajka: fundi mwashi wa Masuria, mashairi yake ya Kipolandi na kura ya 1920

Tarehe 11 Julai 1920, kwenye wilaya ya Olecko, watu walipiga kura kuchagua wabaki Prussia Mashariki, jimbo la Ujerumani, au waende Polandi. Prussia ikapata kura 28,625, Polandi ikapata kura 2. Yaani mtu na mkewe tu wamejaza hiyo idadi. Wilaya ya Ełk hapo jirani ilikuwa 36,534 kwa 44. Ukiambiwa hivo unasema moja kwa moja basi hao walikuwa Wajerumani watupu, sasa Polandi ilikuwa inatafuta nini kule? Hapo ndo kisa kinapoanzia, maana vijijini huko kulikuwa na watu kibao wanaoongea Kipolandi cha kwao nyumbani, wanasali kwa Kipolandi, mazishi yao nyimbo za Kipolandi, na mshairi wao anayejulikana kuliko wote alikuwa anaandika Kipolandi na kwenye hiyo kura alikuwa upande wa Polandi bila kificho. Mzee wa miaka 61 wakati huo. Anaitwa Michał Kajka, lisome Kaika, na kazi yake haikuwa ualimu wala uchungaji wala uandishi wa habari, alikuwa fundi mwashi mwenye kashamba kadogo.

Swali langu kwenye kisa hiki ni hilo moja, imekuwaje mtu akapendwa kwa lugha aliyoitetea halafu majirani haohao wakamwacha pale lugha ilipogeuzwa kuwa karatasi ya kura.

Masuria kwanza, maana bila hapo hatuelewani. Ni ile nchi ya maziwa na misitu ambayo leo iko kaskazini mashariki mwa Polandi, ila zamani ilikuwa upande wa kusini wa Prussia Mashariki. Wakulima kutoka Mazovia, kwa Wapolandi kabisa, walihamia kule enzi za wale watawa-askari wa Kijerumani wa Shirika la Teutoniki waliokuwa wanaitawala hiyo ardhi, wakaja na lugha yao. Halafu 1525 mkuu wa shirika, Albrecht wa ukoo wa Hohenzollern, akaachana na Upapa akaigeuza nchi kuwa dola ya Kilutheri, na raia wake wakawa Walutheri nao. Kwahiyo ukipata Mmasuria wa karne ya 19 una mtu anayeongea lugha ya Kipolandi, dini yake ni ya Luther, na mfalme wake yuko Berlin, na kwake yeye hakuna shida yoyote hapo. Shida iko kwa wengine. Mpolandi wa Poznań au Warsaw alikuwa anajua kwamba Mpolandi ni Mkatoliki, kwisha, akikutana na Mmasuria anamwona Mjerumani aliyejibadilisha. Na Mmasuria akimwona yule Mpolandi anamwona mtu wa Papa. Hao wawili wanaelewana maneno lakini hawaaminiani hata kidogo, na hilo liweke akilini kwasababu litarudi kuuma.

Kajka alizaliwa 27 Septemba 1858 kijiji cha Skomack Wielki, karibu na Ełk, familia ya wakulima wa hali ya chini. Elimu yake ilikuwa ya shule ya kijijini tu, basi. Alifanya vibarua vya mashambani, akajifunza uashi na useremala, 1883 akamuoa Wilhelmina Karaś wakaenda kuishi Ogródek, kijiji kilicho karibu na Orzysz, na hapo ndo alikaa maisha yake yaliyobaki. Kimaisha hakuna sarakasi nyingi za kusimulia, hakusafiri dunia, hakufungwa gereza maarufu, hakuwa na kashfa. Anajenga kuta mchana, anaandika beti. Wengi wanaoandika kuhusu yeye wanapitia hapo harakaharaka wakimbilie siasa, mi naona hapo ndo penyewe, maana mtu aliyejengea wanakijiji nyumba anasikilizwa tofauti na mgeni aliyeshuka na treni akiwa na vipeperushi.

Sasa angalia tarehe hii. 24 Julai 1873 mkuu wa jimbo la Prussia, Karl von Horn, alitoa agizo kwamba shule za huko zifundishe kwa Kijerumani, Kipolandi kikaachiwa upenyo mdogo tu kwenye masomo ya dini kwa watoto wa madarasa ya chini. Kajka siku hiyo alikuwa na miaka 14, anamaliza umri wa shule. Maana yake yeye ni wa kile kizazi cha mwishomwisho kilichopita kabla mlango haujafungwa. Wadogo zake waliofuata walifundishwa kusoma na kuandika kwa Kijerumani, Kipolandi wakabaki nacho cha mdomoni. Nafikiri hii inaeleza sauti ya mashairi yake kuliko itikadi yoyote ile, kwamba alikuwa anaona kabisa kwa macho yake watoto wa jirani wanakua wanaelewa bibi anachosema ila hawawezi kusoma kitabu chake cha nyimbo.

Na hapa sie wa Tanganyika tuna la kujiuliza, maana dola iliyofanya haya ndo hiyohiyo iliyotutawala. Ujerumani ileile iliyokuwa inafukuza Kipolandi darasani Prussia, huku kwetu iliendesha utawala kwa Kiswahili, maliwali na maakida wakiandikiana kwa Kiswahili, shule ya serikali Tanga ikatoa na gazeti la Kiswahili, Kiongozi, kuanzia 1904. Hawakuwa na mapenzi na sisi, tusidanganyane, Maji Maji ya 1905 iko hapohapo katikati. Ni kwamba Kiswahili kwao kilikuwa chombo rahisi cha kutawalia na hakikuwa na dola nyuma yake inayodai ardhi. Kipolandi kilikuwa na kumbukumbu ya ufalme mzima uliogawanywa mpaka ukafutwa kwenye ramani 1795, na Berlin ilikuwa inajua fika kwamba kumbukumbu kama hiyo haifi. Ndo maana 1901 kule Września, jimbo la Poznań, watoto waliogoma kusoma dini kwa Kijerumani walichapwa viboko mpaka ikawa habari ya Ulaya nzima. Lakini ona sasa, hao wa Września walikuwa Wakatoliki. Masuria huo moto haukushika.

Tukirudi kwa Kajka, mashairi yake ya mwanzo hayakutokea kwenye gazeti la kisiasa. Yalitokea miaka ya 1880 kwenye kalenda. Na ukisikia kalenda usifikirie ile ya kutundika ukutani, ilikuwa kitabu kidogo cha mwaka mzima ambacho mkulima alikuwa anakinunua na kukisoma mpaka kichakae, kina siku za kanisa, kina siku za masoko na magulio, hadithi, mawaidha, mashairi. Hii ilikuwa inaitwa Kalenda ya Kievanjeli ya Kifalme ya Prussia, kwa Kipolandi lakini jina lenyewe unaliona lina mfalme ndani yake, na mhariri wake alikuwa mwalimu mmoja wa Giżycko anaitwa Marcin Giersz, aliyezaliwa 1808. Giersz ni mtu wa ajabu kwa macho ya leo. Alikuwa mtiifu wa mfalme wa Prussia asilimia mia, na kwa wakati huohuo akawa anatetea Kipolandi mpaka uzeeni, anaona kabisa kwamba mtu anaweza kumpenda mfalme wa Berlin kwa Kipolandi. Wasomaji wake waliona hivo pia. Kajka alianzia mikononi mwa huyo, na hapo hapakuwa na mgongano wowote kati yake na majirani.

Kingine ambacho watu hukipita bila kukiona ni herufi. Wamasuria walikuwa wanasoma Kipolandi kwa herufi za Kigothi, zile nyeusi zenye pembepembe za vitabu vya zamani vya Kijerumani, wakati Polandi yote iliyobaki ilikuwa inachapa kwa herufi za Kilatini kama hizi tunazotumia. Kitabu chao kikuu baada ya Biblia kilikuwa kitabu cha nyimbo za kanisani kilichochapwa Königsberg 1741, bibi na babu walikuwa nacho, kikiwa na herufi hizohizo. Sasa mletee mama wa Kimasuria gazeti zuri kutoka Warsaw, lugha ni yake lakini akilifungua anaona maandishi ya Kikatoliki. Mimi nadhani ukitaka kujua kwanini propaganda nyingi za Kipolandi ziligonga mwamba Masuria, anzia kwenye chapa kabla hujafika kwenye siasa. Wanaharakati wenye akili walilijua hilo, magazeti waliyoyaanzisha kule yakachapwa kwa Kigothi.

Kuhusu ushairi wenyewe. Shairi lake maarufu linaihutubia lugha ya wazazi, anaiambia ulichanua kwetu miaka iliyopita, hebu chanua tena kama maua ya shambani. Ukilishika kwenye Kipolandi chake unakuta beti za mistari minne, kila mstari mizani nane, na hapo msomaji wa tenzi za Kiswahili lazima asimame kidogo, maana ni umbo la utenzi karibu kabisa, isipokuwa vina vyake vinapishana na hakuna kina cha mwisho kinachobeba shairi zima mpaka chini. Hakuiga popote pa mbali, hiyo mizani imetoka kwenye nyimbo za kanisani. Kwahiyo shairi lake ukilipata unaweza kuliimba jioni hiyohiyo kwa tuni unayoijua tayari, huhitaji kufundishwa. Mengi yanahusu Mungu, majira ya mwaka, kazi, uzee, utani wa kijijini, na lugha. Wahakiki wakali watakwambia ni ushairi mwepesi, picha zake ni zilezile za maua na ndege, na kweli ukiyasoma kumi mfululizo unachoka. Lakini hakuandika yasomwe kumi mfululizo. Aliandika moja la mwezi huu, lisomwe kwa sauti na mtu mmoja chumbani kwenye watu nane, na kwa matumizi hayo mizani nane na picha ya ua linatosha kabisa.

Mambo yakabadilika 1896. Mwaka huo Ełk pakaanzishwa gazeti la Kipolandi kwa ajili ya Wamasuria, Gazeta Ludowa, mhariri Karol Bahrke, naye Mmasuria, na likaja na Chama cha Watu wa Masuria, Kajka akiwa miongoni mwa waanzilishi. Hapo mshairi wa kalenda anakuwa mwanasiasa wa kijiji. Usiwahukumu kwamba walikuwa wanataka kujitenga na Ujerumani, madai yao yalikuwa ya mkulima: lugha shuleni, haki za mtu mdogo mbele ya mabwana wenye mashamba makubwa. Fedha za gazeti zilikuwa zinategemea sana msaada wa Wapolandi wa nje ya Masuria, serikali nayo ikawa inalibana kwa kesi na vitisho kwa wasomaji, na 1902 likafa. Miaka sita. Baadaye 1906 likaja Mazur kule Szczytno, hilo lilikaa muda mrefu zaidi japo kwa kusuasua, na Kajka akaendelea kuliandikia.

Kwa mtazamo wangu hiyo 1896 ndo ilikuwa kosa na ulazima kwa pamoja. Ulazima kwasababu ombi la upole kwa mfalme lilikuwa limeshafeli, Giersz ameomba maisha yake yote na shule bado za Kijerumani. Kosa kwasababu kuanzia hapo mtu akishika gazeti lenye shairi la Kajka anaonekana ameshika upande. Polisi wa kijiji anamwona, mwalimu anamwona, mchungaji anamwona. Kabla ya hapo ilikuwa kalenda tu jamani.

Halafu ikaja 1914. Watu wanaochambua kura ya 1920 kwa kuangalia shule na magazeti peke yake wanaruka hii sehemu na mi sielewi wanairukaje. Jeshi la Urusi liliingia Prussia Mashariki Agosti 1914, kukapiganwa Tannenberg, kukapiganwa kwenye Maziwa ya Masuria Septemba, tena Februari 1915, miji ikaungua, watu wakakimbia na mikokoteni, wengine wakabebwa kupelekwa ndani ya Urusi. Na baada ya hapo dola ya Ujerumani ikajenga upya, vita bado vinaendelea, hela zinatolewa, miji ya ndani ya Ujerumani ikawa inalea miji ya Prussia Mashariki kila mmoja wa kwake. Jiweke pale wewe, nyumba yako imeungua na Mrusi, imejengwa na Mjerumani, halafu 1920 anakuja mtu anakwambia piga kura uende kwenye nchi ambayo ina miaka miwili tangu izaliwe upya na ambayo mwezi huohuo wa Julai jeshi la Wabolshevik wa Urusi linaisogelea Warsaw. Hapo hata upende vipi shairi la lugha ya mama.

Kura yenyewe iliamuliwa na Mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya vita, ikasimamiwa na tume ya kimataifa chini ya Mwingereza Ernest Rennie, na askari wa Kiingereza na Kitaliano wakaletwa kulinda. Ila usawa haukuwepo. Kwanza swali, halikuwa Ujerumani au Polandi, lilikuwa Prussia Mashariki au Polandi, na kumuuliza mkulima kama anataka kubaki kwenye jimbo lake alilozaliwa au aende Polandi ni kumuuliza swali lenye jibu ndani yake. Pili, waliozaliwa pale lakini wanaishi kwingine waliruhusiwa kuja kupiga kura, na watu zaidi ya laki moja wakaletwa kutoka Ujerumani kwa treni na meli, wengi wao ni waliokwenda kutafuta kazi migodini na viwandani Ruhr. Tatu, vurugu. Bogumił Linka, Mmasuria mwanaharakati aliyekwenda mpaka Paris 1919 kuwatetea wenzake, alipigwa na kundi la Wajerumani kule Szczytno Januari 1920, akafa tarehe 29 Machi. Kifo cha Linka kila mtu alikisikia. Ukiwa Mmasuria unafikiria kupigia Polandi, umeshajua bei.

Kwahiyo ukijumlisha eneo zima la kura, lililoitwa eneo la Olsztyn, ikawa kura 363,209 kwa Prussia, 7,980 kwa Polandi. Na hizo elfu saba na kitu nyingi zilitoka Warmia, upande wa Wakatoliki, ambako Wamasuria hawahusiki. Vijiji vitatu tu vya mpakani ndo vilikwenda Polandi. Wilaya ndogo ya Działdowo ilikuwa imeshapewa Polandi bila kura, kwasababu ya reli.

Waandishi wa Kipolandi kwa muda mrefu walieleza matokeo haya kwa vitisho na Jeshi Jekundu la Wabolshevik, wa Kijerumani wakaeleza kwa upendo wa nchi, na kila mmoja ana nusu yake. Vitisho vilikuwepo, Linka yuko kaburini. Lakini vitisho haviwezi peke yake kukupa kura 2 kati ya elfu 28 kama kule Olecko, ndani ya chumba cha siri kwenye kura yenye askari wa kigeni mlangoni. Pale kulikuwa na watu waliochagua. Na walichokichagua ni kanisa lao, mfalme ambaye hata hayupo tena, nyumba zilizojengwa upya, pensheni, reli, utaratibu wanaoujua. Lugha walikuwa wameshaipangia sehemu yake, jikoni na kanisani, na hawakuona kwamba inawadai uraia. Kajka aliona inawadai. Hiyo ndo tofauti yote kati yake na jirani yake, na si ndogo, ila pia haikuwafanya maadui wa kila siku, kwasababu jirani bado alikuwa anahitaji fundi na Kajka bado alikuwa anahitaji kazi.

Baada ya kushindwa vile mtu angeweza kunyamaza au kuhamia upande wa pili wa mpaka, wapo waliohama. Yeye alibaki Ogródek. Aliendelea kuandika, na 1927 ikatoka diwani yake, Nyimbo za Masuria, akiwa anakaribia miaka 70. Kitabu cha kwanza uzeeni, baada ya miaka arobaini na zaidi ya kuchapwa kwa vipande kwenye kalenda na magazeti. Hapo nampa heshima zote. Wanaharakati wengi waliishi kwa mshahara wa harakati, huyu aliishi kwa mwiko wa kupigia plasta na kashamba kake.

Miaka ya Hitler ndo iliyomaliza. 1938 majina ya vijiji vya Prussia Mashariki yaliyosikika Kislavoni yakafutwa kwa wingi, Ogródek ikaamka ikiitwa Kalgendorf. Fikiria unaishi kijiji kimoja miaka 55 halafu unaambiwa anuani yako imebadilika kwasababu jina linasikika kama lugha unayoandikia mashairi. Vita vilipoanza 1939 magazeti ya Kipolandi yakafungwa, na Novemba mwaka huo ibada za Kipolandi zikapigwa marufuku kwenye makanisa ya Kievanjeli ya Masuria. Hili la mwisho ndo kubwa kuliko yote, maana hata Bismarck, yule kansela wa Ujerumani wa karne ya 19, hakuwa ameligusa kanisa hilo kiasi hicho. Mhariri wa gazeti la Kipolandi la Olsztyn, Seweryn Pieniężny, akapigwa risasi Februari 1940. Kajka alifia Orzysz 22 Septemba 1940, siku tano kabla ya kutimiza miaka 82, akazikwa Ogródek.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa ya huzuni ya kawaida. Lakini 1945 Masuria yote ikawa Polandi, bila kura safari hii, na mzee aliyekataliwa na majirani kwenye kura akawa shujaa wa serikali. Mashairi yakachapwa tena, sasa kwa herufi za Kilatini kama vitabu vyote vya Polandi, shule zikapewa jina lake, Ełk wakamjengea sanamu, nyumba ya Ogródek ikawa makumbusho. Na wakati huohuo wale majirani, wale waliobaki bila kukimbia Jeshi Jekundu, wakawa wanapita kwenye zoezi la kuhakikiwa kama ni Wapolandi. Ulikuwa unatakiwa kusaini karatasi. Wengi waligoma, mpaka 1949 mkuu wa mkoa wa Olsztyn, Mieczysław Moczar, akaendesha kampeni kubwa ya kuwasainisha kwa nguvu, watu wakifungiwa na kupigwa. Makanisa yao mengi ya Kilutheri yakachukuliwa na Wakatoliki waliohamia. Karol Małłek, mwalimu na mwandishi wa Kimasuria aliyeitegemea Polandi maisha yake yote, aliishia kuyaandika hayo kwa uchungu.

Sasa hapa ndo uamuzi wangu kwenye kisa hiki. Serikali ya baada ya vita ilimtumia Kajka kama ushahidi, kwamba oneni, Wamasuria ni Wapolandi, mshairi wao huyu hapa. Na Prussia zamani ilimchukulia kama ushahidi wa kinyume, kwamba huyu ni wakala wa kununuliwa kutoka Poznań. Wote walimsoma kama sahihi kwenye karatasi ya umiliki wa ardhi. Ukikaa na mashairi yenyewe unaona mtu anayeomba kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi, kwamba mtoto aweze kusoma kitabu cha nyimbo cha bibi yake. Hilo Prussia ingeweza kulitoa 1873 bila kupoteza hata kijiji kimoja, Giersz na kalenda yake yenye jina la mfalme ni uthibitisho. Na Polandi nayo 1945 ingeweza kulitoa kwa kuwaachia watu makanisa yao na kuacha kuwauliza wao ni nani kila baada ya miezi sita.

Hakuna aliyelitoa. Baada ya 1956 safari zikafunguka, familia za Kimasuria zikaanza kuondoka kwenda Ujerumani Magharibi, makubaliano ya 1975 kati ya Warsaw na Bonn yakawatoa wengine kwa maelfu, wakaondoka na vitabu vya nyimbo vya Kigothi kwenye masanduku. Leo Wamasuria waliobaki kwao ni wachache sana. Shule za Masuria zenye jina la Kajka zimejaa vitukuu vya watu waliohamia kutoka Mazovia, kutoka Vilnius, pamoja na Waukraine waliohamishwa kwa nguvu 1947, na wote hao wanasoma shairi lake la lugha kama somo la darasani kwa lugha ambayo hakuna anayewakataza.